Agosti 7, 1998: Tulipohesabiwa Washirika Bila Kuulizwa

Ninapozungumza na vijana hapa Maisaka, mjini Babati, kuhusu historia ya ugaidi, wengi wao huanza kuhesabu tangu Septemba 11, 2001. Majengo pacha ya New York wanayafahamu vyema. Nikiwauliza ni nini kilitokea Dar es Salaam Agosti 7, 1998, wengi hukaa kimya. Siwalaumu, kwa kuwa hawakuwa wamezaliwa. Hata hivyo, taifa ambalo vijana wake wanaijua misiba ya wengine kuliko ya kwao lina kazi kubwa ya kufanya.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, mkesha wa Nane Nane. Muda mfupi baada ya saa nne na nusu asubuhi, lori lililosheheni vilipuzi lililipuka nje ya Ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, Oysterbay. Boza la maji lililokuwa langoni lililizuia lori hilo lisilifikie jengo, likapunguza nguvu ya mlipuko. Watu 11 walifariki dunia na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Miongoni mwa marehemu hao hakukuwa na Mmarekani hata mmoja. Jijini Nairobi, ambako bomu la pili lililipuka kwa tofauti ya dakika chache tu, waliuawa watu 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12.

Tuzitazame takwimu hizo kwa utulivu. Februari mwaka huo huo, Osama bin Laden na wenzake walikuwa wametoa tamko la kuhalalisha kuuawa kwa Wamarekani na washirika wao, raia kwa wanajeshi. Kiini cha ugomvi wao kilikuwa majeshi ya Marekani yaliyoingia Saudi Arabia mwaka 1990. Tanzania haikuwa na askari huko. Ilikuwa nchi iliyojinasibu kwa siasa ya kutofungamana na upande wowote. Je, mlinzi wa lango na msaidizi wa dereva wa boza walikuwa washirika wa nani?

Hapa ndipo historia yetu inapotofautiana na ya majirani zetu. Hoteli ya Norfolk jijini Nairobi iliposhambuliwa Desemba 31, 1980, wachambuzi wengi walilihusisha tukio hilo na msaada ambao Kenya iliwapa Waisraeli katika operesheni ya Entebbe ya mwaka 1976. Kampala ilipolipuliwa Julai 11, 2010, Al-Shabaab walitaja majeshi ya Uganda yaliyokuwa Somalia. Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, ambako waliuawa watu 148, vilishambuliwa baada ya Kenya kupeleka jeshi Somalia mwaka 2011. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohalalisha kuua raia; ila serikali hizo zilikuwa zimefanya uamuzi. Sisi mwaka 1998 hatukuwa tumeamua lolote zaidi ya kuwa wenyeji wa ubalozi.

Wapo watakaosema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Methali hiyo inatosha nusu tu. Khalfan Khamis Mohamed wa Pemba na Ahmed Khalfan Ghailani wa Unguja walitiwa hatiani na mahakama ya New York kwa kushiriki katika njama hiyo, na wote wawili walihukumiwa kifungo cha maisha. Nyumba iliyotumika kutengenezea bomu ilikuwa Dar es Salaam. Kwa hiyo, kujiona wahanga watupu ni kujidanganya. Tunapaswa kuuliza ni nini kilichowafanya vijana wetu wakubali kuwaua watu wao kwa ajili ya vita vya mbali.

Kilichofuata nacho kinafundisha. Agosti 20, 1998, Marekani ilirusha makombora Afghanistan na kukibomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa huko Khartoum. Mwaka 2002 Bunge letu lilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi, ambayo wanaharakati waliikosoa kwa ukubwa wa madaraka inayovipa vyombo vya dola. Na Sudan ilipolipa dola milioni 335 kwa ajili ya wahanga wa mashambulizi yale na mengine, waliokuwa raia wa Marekani siku ya tukio walitengewa mafungu makubwa kuliko wenzao wa kigeni waliofanya kazi katika ubalozi ule ule. Huko Kenya, wahanga wengi wamelalamika hadharani kwamba wameachwa nje kabisa. Bomu lilikuwa moja, lakini uhai haukupewa thamani moja.

Hoja yangu, basi, ni kwamba mshirika si yule tu anayetia saini mkataba. Adui wa rafiki yako anaweza kukupa cheo hicho bila kukuuliza, na gharama akailipa mwananchi wa kawaida. Mtumishi wa umma anayejadili mikataba ya ulinzi, vituo vya kijeshi au ofisi za kigeni ana wajibu wa kuuliza mapema: likitokea la kutokea, nani atamtibu mjeruhi, nani atamsomesha yatima, na kwa sheria ya nchi gani? Mwanaharakati naye ahakikishe kwamba hofu ya ugaidi haigeuzwi fimbo ya kumpigia jirani kwa sababu ya dini yake. Waliokufa Oysterbay walikuwa Waislamu na Wakristo.

Nanyi wanafunzi, tafuteni majina ya wale 11, myasome kwa sauti darasani.