Redio iliyovuka Ruvuma

Ukitaja Nachingwea, kusini mwa Tanzania, wazee watakumbuka karanga: mpango mkubwa wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ukaleta matrekta na reli kutoka pwani, kisha ukaachwa mwaka 1951. Wengine watakumbuka Farm 17, shamba lililogeuzwa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, katikati ya miaka ya 1960. Ninaloliona limesahauliwa ni redio, silaha ambayo Wareno hawakuweza kuizuia mpakani.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza Septemba 25, 1964. FRELIMO ilipewa nafasi katika matangazo ya nje ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na sauti yake ikaenda kusini kwa masafa mafupi. Mawimbi hayo hupanda hadi kwenye tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, yakarudishwa ardhini mamia ya kilomita mbele. Ng'ambo ya Ruvuma, mto wa mpakani, watu walisikiliza kwa siri, sauti ikiwa chini kabisa, maana PIDE, polisi wa siri wa Ureno, walikuwa na masikio kila mahali.

Lakini wimbi kufika ni jambo moja. Kulipata ni jingine. Antena hupokea mawimbi ya stesheni nyingi kwa wakati mmoja. Kinachoitenganisha Dar es Salaam na nyingine zote ni rezonansi. Mtoto akiwa kwenye bembea, ukimsukuma kidogo kila anaporudi kwako, atapanda juu. Ukimsukuma ovyo, bembea itagoma. Ndani ya redio umeme nao huenda na kurudi, kati ya koili ya waya na kapasita. Unapozungusha kitufe cha kutafutia stesheni, unasogeza vibati vya kapasita, na mwendo huo wa umeme unabadilika. Wimbi la mita 49 hupiga takriban mara milioni 6 kwa sekunde. Vibati vikifikishwa mahali pake, umeme wa ndani nao hupiga kwa kasi hiyo hiyo, na wimbi dhaifu lililotoka mbali linakua. Mengine hubaki hafifu mno.

Ujuzi huu ulikuwa bado mchanga. Mjerumani Heinrich Hertz alithibitisha mawimbi ya redio mwishoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1897 Mwingereza Oliver Lodge aliombea hataza njia ya kulinganisha mtambo unaorusha na unaopokea, na mwaka 1900 Guglielmo Marconi akapata hataza yake maarufu namba 7777. Rezonansi yenyewe wanajeshi walikwisha kuionja: mwaka 1831, daraja la Broughton, Uingereza, lilivunjika chini ya askari waliokuwa wakipiga hatua kwa pamoja, na tangu hapo jeshi likaagiza askari wavunje mpigo wanapovuka daraja.

Miaka ile vijijini redio ya transista ilitumia betri. Haikuhitaji nguzo ya umeme wala barabara. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipoizidi reli ya karanga, iliyogharimu fedha nyingi na kung'olewa kabla ya vita kuanza.

Redio ilihusika hata huko Ureno. Usiku wa kuamkia Aprili 25, 1974, maofisa waliotaka kuipindua serikali ya Lisbon walipeana ishara kwa nyimbo zilizopigwa redioni. Septemba 7 mwaka huo mkataba kati ya Ureno na FRELIMO ukasainiwa Lusaka. Mei 1975 Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, alivuka Ruvuma akitokea Tanzania, akaanza ziara ndefu ya kuelekea kusini. Usiku wa kuamkia Juni 25 alitangaza uhuru katika uwanja wa Machava, na waliokuwa mbali na uwanja huo, kama zamani, walizungusha kitufe kuitafuta stesheni. Safari hii hawakuwa na sababu ya kupunguza sauti.