SOMO LA HISTORIA: WACHEKESHAJI WAWILI WA UINGEREZA

Leo tutazungumza juu ya kicheko, nanyi mtaona kwamba kicheko nacho kina historia yake.

Zamani, kabla televisheni haijaenea, miji ya Uingereza ilikuwa na majumba ya michezo. Watu wa kawaida walilipa kiingilio, wakaangalia waimbaji, wachezaji na wachekeshaji. Mchekeshaji asiyefurahisha watu aliweza kuzomewa papo hapo. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake.

Katika shule hiyo walilelewa vijana wawili. Wa kwanza, John Eric Bartholomew, alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Morecambe, kando ya bahari. Baba yake alikuwa kibarua wa baraza la mji. Wa pili, Ernest Wiseman, alizaliwa mwaka 1925 mjini Leeds. Mama yake Eric, Bibi Sadie, ndiye aliyewashauri wafanye kazi pamoja, na mwaka 1941 wakaanza. Eric alichukua jina la mji wake, Ernest akalifupisha lake. Basi wakaitwa Morecambe na Wise.

Mwaka 1954 walipewa vipindi vyao vya kwanza vya televisheni. Vikashindwa vibaya. Gazeti moja liliandika kwamba televisheni ni sanduku walimozikwa watu hawa wawili. Je, Eric alifanyaje? Alikitunza kipande kile cha gazeti miaka mingi. Kisha wakarudi majukwaani, wakafanya kazi kwa bidii zaidi.

Subira huvuta heri. Krismasi ya mwaka 1977, watu zaidi ya milioni 20 waliwaangalia: babu, wazazi na watoto, chumba kimoja, kicheko kimoja.

Mwezi wa Mei 1984, Eric alifanya mchezo katika mji wa Tewkesbury. Watu walimshangilia, akarudi jukwaani tena na tena. Alipotoka mara ya mwisho, alianguka nyuma ya pazia kwa ugonjwa wa moyo. Usiku ule ule akafariki, umri wake miaka 58. Ernie alifariki mwaka 1999. Mwaka huo huo Malkia Elizabeth alifunua sanamu ya Eric mjini Morecambe. Sanamu hiyo imeinua mguu mmoja, na wageni hupigwa picha wakiinua mguu vivyo hivyo.

Kwa nini Waingereza wengi wenye umri mkubwa wanawakumbuka hata leo? Si kwa sababu vichekesho vya sasa ni vibaya. Siku hizi kila mtu aweza kuangalia kipindi chake, peke yake, saa aipendayo. Mzee akiwataja Morecambe na Wise, pengine anamkumbuka pia mama yake aliyecheka karibu naye, na sasa hayupo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini Eric alikitunza kipande cha gazeti kilichomdharau?
2. Ni nani aliyewachekesha wazee wenu? Andikeni jina lake, na majina ya wale mliocheka nao.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.