Mtoto aliyekataliwa merikebuni

Ninyi jamaa mliokimbia vita, nanyi wakubwa wa mitaa na vijiji mliowapokea, sikilizeni. Leo tunaongea historia ya mbali, lakini uchungu wake mnaujua.

Kuanzia mwaka 1788 hadi 1868, Uingereza ilipeleka Australia wafungwa zaidi ya 160,000. Wengi walikuwa maskini, wezi wa vitu vidogo. Merikebu za kwanza zilitumia miezi minane baharini. Mume alikwenda, mke na watoto wakabaki; wengi hawakuonana tena.

Susannah Holmes aliiba nguo. Henry Kable alivunja nyumba ya watu. Wote wawili walihukumiwa kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa uhamisho. Katika gereza la Norwich walipata mtoto mwaka 1786. Waliomba kufunga ndoa, wakakatazwa. Susannah alipofikishwa bandari ya Plymouth, kapteni alimpokea yeye, akamkataa mtoto: hakuwa na amri ya kumchukua. Mama akalia kama mwenye kufiwa.

Mlinzi wa gereza aliyewasindikiza, John Simpson, angeweza kusema kazi yake imekwisha. Hakusema hivyo. Alimpakata mtoto, akapanda gari la farasi mpaka London, akamtafuta waziri mwenyewe, Lord Sydney. Waziri akaamuru mtoto arudishwe kwa mama yake, na baba aende pamoja nao.

Tarehe 10 Februari 1788, kule Australia, Henry na Susannah walifunga ndoa. Mwaka huohuo walidai mzigo wao, ulionunuliwa kwa michango ya watu wema, uliopotea safarini. Mahakama ikamwamuru kapteni wa merikebu iliyoubeba alipe pauni 15. Mfungwa alisikilizwa mbele ya mkubwa.

Lakini tusifiche upande mwingine: makao hayo mapya yalijengwa juu ya ardhi ya wenyeji ambao hawakuulizwa. Haki ya mgeni isiivunje haki ya mwenyeji.

Wakubwa wetu, mkiletewa mtoto asiye na wazazi, msijibu kwamba hamna amri. Andikeni jina lake, la baba, la mama, na la kijiji alikotoka. Kisha ulizeni kambi na vijiji vingine. Nanyi wazazi, mfundisheni kila mtoto kuyataja majina hayo, tangu leo jioni.