Kiendeshamota

Kiendeshamota ni saketi inayopokea amri dhaifu kutoka kwa kidhibiti cha roboti na kuigeuza kuwa mkondo wa kuzungusha mota, kwa kuwa pini ya chipu ya ATmega328P, iliyomo katika bodi ya Arduino Uno, haiwezi kupitisha zaidi ya miliampea 40 bila kudhurika. Kiini chake ni daraja la H, yaani swichi nne za transista zinazoiwezesha mota kuzunguka mbele na nyuma.

Wanunuzi wengi hutazama volti pekee, ilhali kigezo kikuu ni mkondo wa mota iliyokwama, ambao huzidi mara kadhaa ule wa mota isiyo na mzigo. Chipu ya L298N, yenye transista za baipola, hustahimili ampea 2 kwa kila mota, lakini hupoteza takriban volti 2 kwa joto. Hasara hiyo ni kubwa kwa roboti ya volti 6 huko Lilongwe, au katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wilayani Dowa, ambako umeme wa kuchajia betri si wa kutegemewa. DRV8833, yenye transista za mosfeti na inayofanya kazi kati ya volti 2.7 na 10.8, hupoteza kidogo sana, ila mota zake zisizidi takriban ampea 1.5 kila moja.