Popo

Mwaka 1995, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu nchi irudi katika mfumo huo, mwalimu mwenzangu aliniita popo mbele ya walimu wote. Mimi nilikuwa mkuu wa shule, na yeye alikuwa mdogo wangu kwa umri na kwa cheo, lakini msimu ule heshima zilikuwa zimelegea kidogo. Aliniuliza nipo chama gani, nami nikamjibu kwamba sina chama. Nitawasikiliza wagombea kisha nitaamua. "Basi wewe, Mwalimu, ni popo," akasema. "Ndege si ndege, mnyama si mnyama." Walimu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Hata hivyo neno lile nilikwenda nalo nyumbani, na ndugu msomaji, zaidi ya miaka thelathini imekwisha pita bado ninalo.

Liliniuma kwa kuwa nilijihesabu kuwa mrithi wa jambo fulani. Nimezaliwa Mbulu, na Mbulu ina nafasi yake katika historia ya kura za nchi hii, ingawa vijana wetu hawaijui. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, ule uliotutengenezea serikali ya madaraka, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Viti 58 ilivipata bila kupingwa. Kiti kimoja tu kiliikwepa, nacho kilikuwa chetu. TANU ilikuwa imemsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, akajitokeza kugombea peke yake bila baraka za chama, akashinda. Wakati huo kura haikuwa ya kila mtu. Ulitakiwa ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au uwe na kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au uwe na wadhifa unaotambuliwa. Baba alisoma kidogo kwa wamisionari, akaingia kwa mlango wa kusoma. Alikuwa na kadi ya TANU, akampigia Sarwatt.

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Nakumbuka majirani wakija jioni kumsuta baba, na yeye akiwajibu kwa upole kwamba kadi ni ya chama na kura ni yake. Maneno yale niliyabeba hadi chuo cha ualimu, nikayabeba hadi madarasani, na nilipofundisha Siasa nilikuwa nikiyasema bila kutaja ni ya nani. Kwangu mimi, baba alikuwa ndiye mpiga kura huru wa kwanza niliyepata kumwona kwa macho.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa mzee na mimi nikiwa na watoto wangu, nilimwomba anisimulie vizuri. Akanisimulia. Hakuwa na neno na Chifu mwenyewe, akasema; lakini jumbe mmoja wa upande wetu alikuwa amemhukumu vibaya katika kesi ya ng'ombe wawili, na jumbe yule alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kumpigia debe mgombea wa chama. Baba akaapa kwamba anachokitaka jumbe yule yeye hatakitaka. Ndiyo yalikuwa hayo. Nilimwuliza kama alikuwa amemsikiliza Sarwatt akihutubia. Akasema hapana, siku ile alikuwa mnadani.

Sikucheka wakati ule. Siku hizi nacheka. Lakini tangu jioni ile swali langu lilibadilika. Nilikuwa nikijiuliza kama mtu ana chama au hana. Nikaanza kujiuliza ni nini hasa kinachomshika mkono anapotia alama.

Mfumo wa chama kimoja, ambao siku hizi husemwa kwa sentensi moja tu kana kwamba ulikuwa usiku mtupu, ulikuwa na shule yake katika jambo hili. Mwaka 1965 kulikuwa na majimbo 107, na karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, wote wana-TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Walizunguka pamoja na kuhutubia jukwaa moja, kwa Kiswahili tu, na walikatazwa kugusa kabila, dini au rangi ya mtu. Chama hakikumpa mpiga kura msaada wowote, kwa maana wote wawili walikuwa wa chama. Alilazimika kumtazama mtu. Na watu walitazama kweli: mawaziri waliangushwa, akiwemo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, huko Mwanza. Sidhani kama katika vyama vingi tumewahi kuwatikisa wakubwa kwa urahisi ule.

Nisiwadanganye lakini. Bibi yangu, mama yake baba, alipiga kura mwaka ule kwa mara ya kwanza, nami niliyekuwa na miaka kumi na mitano ndiye niliyepewa kazi ya kumfundisha alama. Nilimchorea jembe na nyumba kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Akavitazama sana, kisha akasema nyumba anayo, jembe lake limekwisha makali, atachukua jembe. Sikumrekebisha, kwa kuwa jembe ndiye tuliyemtaka sisi. Hivyo bibi alifungwa na alama, na nyuma ya alama alifungwa na mjukuu wake.

Kwa kiti cha Rais mambo yalikuwa mengine. Mgombea alikuwa mmoja, ukimtaka unasema Ndiyo, usipomtaka unasema Hapana; na upande wa Hapana watu waliuita kivuli. Mwaka 1975, nikiwa mwalimu kijana, nilipangiwa kusaidia katika kituo kimoja cha kura. Mzee mmoja alipokabidhiwa karatasi aliuliza kwa sauti, bila hila yoyote, "Huyu kivuli ni nani, na akishinda ataishi wapi?" Watu kwenye mstari walicheka hadi msimamizi akawakemea. Mzee akaingia, akatoka, akaenda zake. Jioni kiongozi mmoja wa pale aliniita pembeni akaniuliza mzee yule alikuwa amepigia wapi. Nikamwambia sijui, na kwa kweli sikujua. Akanitazama kama mtu anayeandika kitu kichwani. Mimi mwenyewe, nilipotia alama yangu siku ile, nilitia Ndiyo. Nilimpenda Mwalimu na ningetia Ndiyo kwa vyovyote. Lakini baada ya lile swali la jioni sikuweza tena kuwa na hakika kwamba Ndiyo yangu ilikuwa ya mapenzi peke yake. Hilo ndilo jambo baya la kuulizwa: linaichafua hata kura uliyoipiga kwa moyo mweupe.

Ndipo ikaja Tume ya Jaji Nyalali mwaka 1991. Wananchi wapatao wanane katika kila kumi waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na tarehe 1 Julai 1992 vikawa halali. Wapo wanaosema hapo wengi walipuuzwa. Mimi naona hesabu ile ilisomwa vema, kwa sababu wale wawili waliosalia nao walikuwa watu, na chini ya chama kimoja hawakuwa na pa kwenda. Nilikuwa na kadi ya TANU, na baada ya vyama kuungana mwaka 1977 nikawa na ya CCM. Matawi ya chama sehemu za kazi yalipofungwa niliacha kulipa ada, kimya kimya, bila kurudisha kadi jukwaani kama ilivyokuwa mtindo. Wala sikuchukua nyingine.

Sasa nirudi kwa popo. Jibu ambalo ningempa mwenzangu, kama lingenijia siku ile badala ya kunijia wiki mbili baadaye, lilikuwa hili: mwenzangu, sisi sote tumekulia katika nchi isiyofungamana na upande wowote, na tulifundisha somo hilo ubaoni. Je, kutofungamana kulikuwa na maana ya kutokuwa na msimamo? Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani ukazuiwa. Nchi maskini, miaka minne tu baada ya Uhuru! Asiyefungamana anaamua kila jambo kwa uzito wake, na ada ya kila uamuzi anailipa mwenyewe. Mwenye chama hugawana ada hiyo na wenzake. Wafuasi wa Zuberi Mtemvu walilijua hilo mwaka 1962, walipompa kura 21,276 dhidi ya 1,127,978 za Mwalimu. Ningependa sana kukaa na mmoja wao. Kwao pia kulikuwa na chama, najua, lakini kumpigia mtu ambaye nchi nzima inajua atashindwa ni kazi nyingine kabisa.

Kuna wanaodhani haki hii ingekamilika kama tungeruhusiwa mgombea binafsi, Sarwatt wa leo. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani kwa miaka mingi. Jaji Lugakingira alimkubalia Oktoba 1994, Bunge likabadilisha Katiba ili kuziba njia. Mahakama Kuu ikamkubalia tena 2006. Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, ikisema hilo ni la Bunge. Na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, iliyopo Arusha palepale, ikasema katazo hilo linavunja haki. Mtikila alifariki mwaka 2015 bila kuona mlango ukifunguliwa. Katika jambo hilo nipo upande wake moja kwa moja. Inashangaza kwamba mwaka 1960, chini ya Gavana wa Kiingereza, mtu wa Mbulu aliweza kufanya kitu ambacho mjukuu wake haruhusiwi. Lakini mgombea huru ni sheria inaweza kumleta. Mpiga kura huru haletwi na sheria, na hapa sina budi kueleza habari zangu mwenyewe.

Katika uchaguzi mmoja wa karibuni, sitautaja mwaka, kijana niliyemfundisha alisimama kugombea ubunge katika jimbo letu. Alikuja nyumbani. Aliniamkia shikamoo akiwa amesimama, akakaa kwenye kigoda chini yangu, akanikumbusha siku niliyomlipia nauli ili akafanye mtihani. Hakuniomba kura. Mpinzani wake nilikuwa nimemsikiliza mara mbili mkutanoni. Alijua habari za maji, za visima vyetu na kwa nini pampu hufa, akazieleza kwa takwimu na bila matusi. Kijana wangu nilimsikia mara moja, na alizungumza kama mtu aliyesoma usiku wa kuamkia mtihani. Mwalimu hutambua.

Nikampigia kijana wangu. Mimi nisiye na chama, niliyeitwa popo na kubeba jina hilo kama nishani, niliingia kwenye kibanda nikiwa nimeshikwa mkono na nauli ya basi ya miaka ishirini iliyopita. Mwenzangu yule wa 1995, ambaye sasa ni mstaafu kama mimi na bado anavaa sare za chama chake, aliniambia baadaye kuwa alimpigia yule mtu wa visima. Chama chake kilikuwa kimemsimamisha mwingine kabisa. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu, "Mzee wangu, mimi nateka maji pia."

Tangu hapo nimekuwa na desturi moja. Nikishapewa karatasi, naingia kibandani na kujiuliza nani yupo humu pamoja nami: jumbe wa ng'ombe wawili, bibi na jembe lake, kiongozi wa jioni ile, kijana kwenye kigoda. Nawatoa nje mmoja mmoja. Huchukua muda, na katika uchaguzi uliopita karani, binti wa rika la wajukuu zangu, aliniita kutoka mezani kwake, "Babu, umeshindwa kusoma? Nikusaidie?" Nikamwambia hapana, mama, asante, bado tupo wengi humu.