Picha za Marehemu Wetu: Jinsi ya Kutengeneza Onesho la Picha Lenye Mwendo kwa Kompyuta



Ndugu msomaji, katika parokia zetu nyingi ombi hili limekuwa la kawaida, hasa mwezi Novemba tunapowakumbuka na kuwaombea marehemu wetu. Familia inataka picha za mpendwa wao zionekane ukutani au kwenye televisheni, zikifuatana moja baada ya nyingine huku wimbo ukisikika kwa sauti ya chini. Anayeitwa ni kijana mwenye kompyuta katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, na mara nyingi huitwa jioni ya kuamkia siku yenyewe. Makala hii tumeiandika kwa ajili yake.

Tunaanza kwa kukiri kosa. Tulipoombwa kuandaa onesho la kumbukumbu ya mama mmoja wa kigangoni, tulipewa picha kumi na moja tu. Kwa kuogopa kwamba ni chache, tulizivalisha kila pambo tulilolikuta ndani ya programu: moja iliingia ikizunguka, nyingine ikidunda kama mpira, nyingine ikavunjika vipande vipande, na katikati yake sauti ya makofi ikasikika. Watoto walicheka. Mume wa marehemu aliinamisha kichwa, na baadaye akatuuliza kwa upole kama angeweza kuiona tena ile picha ya harusi, maana ilipita kabla hajamwona mkewe vizuri. Tangu siku ile tunashika kanuni moja: mwendo wa picha upo ili kumsaidia mtazamaji auone uso. Mwendo usiofanya kazi hiyo tunauacha.

Programu ya kutumia

Programu ya mawasilisho inayojulikana zaidi ni PowerPoint. Ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, ikiwa kazi ya kampuni ya Forethought, ambayo Microsoft iliinunua mwaka huohuo. Ilibuniwa kwa ajili ya mtu anayesimama mbele ya wenzake mkutanini na kueleza hoja zake. Ndiyo maana imejaa mapambo ya kuamsha usikivu, ambayo hayafai mbele ya wafiwa. Asiye na PowerPoint anaweza kutumia LibreOffice Impress, ambayo hupatikana bila malipo na hufanya mengi ya haya tunayoyaeleza, ingawa majina ya vitufe hutofautiana. Majina tunayoyataja hapa ni yale yanayoonekana katika PowerPoint ya Windows iliyo katika lugha ya Kiingereza.

Kukusanya picha

Kazi kubwa hufanyika kabla ya kuwasha kompyuta. Wazee wetu wengi wameacha picha chache: ya kitambulisho, ya harusi, ya ubatizo wa mjukuu, na ile ya kundi la wanakwaya ambamo marehemu yupo safu ya nyuma. Waulize pia majirani, wasimamizi wa ndoa na wanajumuiya, kwa sababu picha ambayo familia haina huenda imo ndani ya albamu ya mtu mwingine.

Picha ya karatasi itambazwe kwa skana kwa kiwango cha dpi 300. Kwa kiwango hicho, picha ya sentimita 10 kwa 15 hutoa takriban pikseli 1,200 kwa 1,800, nazo zinatosha kwa projekta nyingi. Ikiwa unakusudia kuukuza uso mmoja kutoka katika picha ya kundi, tambaza kwa dpi 600. Pasipo skana, tumia simu: laza picha mezani karibu na dirisha, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, zima mwanga wa kamera, na ushike simu sambamba na picha. Ikiwa picha imo ndani ya fremu yenye kioo, omba ruhusa ya kuitoa, maana kioo hurudisha mwanga na kuuficha uso.

Picha zinazotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Waombe watumaji wazitume kama hati, nazo zitafika zilivyo. Picha za karatasi zirudishwe kwa wenyewe siku hiyohiyo. Kwa familia fulani, karatasi ile ndiyo pekee inayowaonyesha watoto sura ya mama yao, na ikipotea mikononi mwako haina mbadala.

Kuchagua na kupanga

Si kila picha ionyeshwe. Tunashauri kuacha picha za mgonjwa kitandani na za mwili jenezani, isipokuwa familia yenyewe imeamua vinginevyo baada ya kushauriana. Picha za watoto wadogo ziwe na idhini ya wazazi wao. Kuheshimu faragha ya watu ni wajibu wa upendo, na katika nchi zetu ni wajibu wa sheria pia: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022.

Panga picha kwa mtiririko wa maisha: utoto, shule, ndoa au wito, kazi, utume, uzee. Zipe majina kwa tarakimu, 01, 02, 03, ili zijipange zenyewe ndani ya folda. Kisha fanya hesabu. Wimbo wa dakika 4 una sekunde 240. Kila picha ikikaa sekunde 7 na kupokewa na nyingine kwa sekunde 1, wimbo huo unabeba picha 30. Ukiwa na picha 60, usizikimbize, chagua 30. Ukiwa na 11, kama sisi tulivyokuwa, onesho lako liwe la dakika moja na nusu, nalo litatosha.

Kuziingiza kwenye slaidi

Fungua menyu ya Insert, bofya Photo Album, kisha New Photo Album. Chagua picha zote kwa pamoja, na pale penye mpangilio wa picha chagua Fit to slide, kisha bofya Create. Programu itaunda slaidi moja kwa kila picha, na hivyo kukuokolea saa nzima ya kuingiza moja moja. Mandhari ya nyuma yawe meusi. Picha iliyopigwa simu ikiwa wima iache ilivyo, yenye weusi pande mbili. Ukiivuta ijaze kioo, uso utapanuka na mtu hatajitambua.

Mpito kutoka picha hadi picha

Nenda kwenye Transitions na uchague Fade, ambapo picha moja hufifia huku nyingine ikijitokeza. Weka muda wake sekunde 1. Pale palipoandikwa On Mouse Click, ondoa alama. Pale palipoandikwa After, weka alama na uandike sekunde 7. Kisha bofya Apply To All, na mpangilio huo utaenea kwenye slaidi zote. Sehemu ya sauti ibaki bila kitu chochote, maana humo ndimo yalimotoka yale makofi yaliyotuaibisha.

Kuipa picha uhai

Watengenezaji wa filamu za kumbukumbu hukutana na tatizo hilihili la picha zilizosimama. Mmarekani Ken Burns, ambaye filamu yake juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ilirushwa mwaka 1990, alijulikana kwa kuisogeza kamera polepole juu ya picha za zamani, hata mbinu hiyo ikaitwa kwa jina lake. Unaweza kuifanya kwa njia mbili.

Njia ya kwanza hufaa kwa picha ya mtu mmoja. Bofya picha, nenda Animations, chagua Grow/Shrink. Ukubwa wa kawaida uliowekwa ni asilimia 150, nao ni mwingi mno. Fungua Effect Options katika orodha ya Animation Pane na uandike asilimia 108. Mahali pa kuanzia chagua With Previous, ili mwendo uanze wenyewe bila kusubiri kubofya. Muda uwe sekunde 7. Mtazamaji hatatambua kwamba picha inasogea, ila atahisi kana kwamba anamkaribia mtu. Kuihamishia hali hiyo kwenye picha nyingine, bofya mara mbili Animation Painter, kisha gusa picha moja baada ya nyingine.

Njia ya pili hufaa kwa picha ya kundi, na ndiyo inayogusa zaidi. Nakili slaidi ili ziwe mbili zinazofuatana. Katika ile ya pili, kuza picha hadi uso wa marehemu ukae katikati. Kisha ipe slaidi hiyo ya pili mpito uitwao Morph, wa sekunde 4. Programu yenyewe itasafiri kutoka kundi zima hadi kwa yule mmoja wa safu ya nyuma, na walioketi watanong'ona, "Kumbe ni yeye!" Morph hupatikana katika PowerPoint ya mwaka 2019 na kuendelea, na katika Microsoft 365, katika toleo la zamani itaonekana kama kufifia kwa kawaida. Mbinu hii itumie mara mbili au tatu tu katika onesho zima.

Maneno na muziki

Maneno yawe machache: jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufariki, na pengine mahali picha ilipopigwa. Herufi zisiwe chini ya ukubwa wa 32, ili na bibi aliyeketi nyuma asome. Tahajia ya majina ihakikiwe na mtu wa familia, pamoja na jina la ubatizo. Kosa la herufi moja katika jina la marehemu huumiza kuliko kasoro nyingine yoyote.

Wimbo uwe wa kwaya yenu wenyewe, uliorekodiwa kwa idhini yao, au ule ambao mwenye haki amekuruhusu kuutumia. Uingize kwa Insert, kisha Audio. Halafu katika menyu ya Playback bofya Play in Background, ili uendelee kusikika slaidi zinapobadilika. Pale penye Fade Out weka sekunde 5, wimbo usikatike ghafla.

Mahali na wakati wa kuonyesha

Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma, katika namba 382, yanaagiza kwamba katika Misa ya mazishi kuwe na mahubiri mafupi, wala pasiwepo hotuba ya kumsifu marehemu ya aina yoyote. Kwa roho hiyohiyo, tunashauri onesho la picha lisiingizwe ndani ya Misa. Lina nafasi yake nzuri nyumbani wakati wa mkesha, ukumbini baada ya ibada, au mahali pengine ambapo Paroko ameridhia. Mwulize mapema, wala usimfikie sakristia akiwa tayari amevaa kasula.

Jioni ya maandalizi

Onesho likikamilika, fungua File, Export, Create a Video, na uchague Full HD. Utapata faili la MP4 ambalo picha, mwendo na muziki vimeunganishwa pamoja. Kompyuta ya ukumbini ikikosa aina ya herufi ulizotumia au ikiwa na toleo la zamani, video haitabadilika, na televisheni nyingi huisoma moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Beba flashi mbili, pamoja na faili la awali kwa ajili ya masahihisho ya dakika ya mwisho.

Jaribu ukumbini kwa saa ileile ya shughuli, kwa kuwa mwanga wa dirishani saa tisa alasiri si sawa na wa jioni. Zima taarifa za simu na kompyuta zisijitokeze ukutani, na uzuie kompyuta isilale. Chaji iwe imejaa, umeme usije ukakatika katikati ya wimbo. Kama unaonyesha kutoka PowerPoint yenyewe, kitufe cha F5 huanzisha onesho, na herufi B hukifanya kioo kiwe cheusi mpaka utakapoibofya tena.

Baada ya shughuli

Usilifute folda. Mpe kila mwanafamilia anayehitaji nakala, na uketi na mzee mmoja mwenye kumbukumbu mwandike majina ya wote waliomo katika picha za kundi, kutoka kushoto kwenda kulia, pamoja na mahali na mwaka. Leo bado yupo anayewafahamu. Baada ya miaka 20, picha isiyo na majina itakuwa ya watu wasiojulikana, hata kama ilipigwa mbele ya kanisa letu wenyewe.

Yule mzee tulimrudia wiki iliyofuata. Tulimwonyesha picha zilezile kumi na moja, zikififia polepole, bila makofi. Ilipofika ya harusi aliomba tuisimamishe. Tukabofya, nayo ikasimama. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kutusimulia habari za siku ile. Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie, wapumzike kwa amani. Amina.