Jemadari Mbele ya Mchoraji

Antonis Mor alimchora Fernando Álvarez de Toledo, Duki wa tatu wa Alba, mwaka 1549. Jemadari huyu Mhispania amevaa deraya na mshipi mwekundu, fimbo ya uamiri mkononi. Miaka miwili kabla aliyaongoza majeshi ya Kaisari Charles wa Tano kwenye ushindi wa Mühlberg, lakini Mor hakuchora vita wala farasi; mamlaka yote aliyaweka usoni.

Naistahi kazi hiyo, ila siwezi kuitazama bila kukumbuka Brussels, Juni 5, 1568, makabaila wa Nchi za Chini Egmont na Horn walipokatwa vichwa kwa amri ya Alba. Anayeisifu picha hii ataje pia Baraza la Machafuko, mahakama aliyoianzisha Alba mwaka 1567, iliyowahukumu watu wengi kifo.